Mhandisi Aliyeyatia Maji Nidhamu

Askari yeyote aliyepata kupita katika shule ya kijeshi anajua kwamba jambo la kwanza analofundishwa katika mazoezi ya porini si kufyatua risasi, bali ni kuitunza chupa yake ya maji. Sisi nasi tulipokuwa wanafunzi wa uofisa tulifundishwa hivyo, na wako wenzetu waliomaliza maji yao kabla ya saa nne asubuhi, wakayakumbuka saa nane mchana jua likiwa utosini. Njaa askari huweza kuivumilia siku mbili tatu, lakini kiu haimpi muda huo. Kwa hiyo leo, badala ya kuwasimulia ndugu zetu wa jeshi na polisi maisha ya jemadari mwingine, tumeona si vibaya kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakushika bunduki hata siku moja, lakini ambaye alishindana na maji, akayatia nidhamu, kisha akayatumia kuinua uchumi wa nchi nzima. Mtu huyo ni Mokshagundam Visvesvaraya wa Mysore, kusini ya Bara Hindi.

Jina lake ni zito kwa ndimi zetu, na hata Wahindi wenyewe walilifupisha wakamwita M.V. Alizaliwa tarehe 15 Septemba 1861 katika kijiji cha Muddenahalli. Baba yake alikuwa msomi wa Kisanskriti, mtu wa elimu nyingi na mali chache, naye alifariki mwanawe angali kijana mdogo. Yatima huyo alikwenda kusoma mjini Bangalore, akijitafutia karo na chakula kwa kuwafundisha watoto wa watu wenye uwezo.

Ni wakati huo, kati ya mwaka 1876 na 1878, mvua zilipokosekana na njaa kuu ikaiangukia Mysore. Hesabu ya watu ya mwaka 1871 ilikuwa imeonyesha kwamba nchi ile ina watu zaidi ya milioni 5. Hesabu ya mwaka 1881 iliwakuta chini ya milioni 4.2. Msomaji na afikiri maana ya tarakimu hizo. Hapakuwa na vita wala adui aliyevuka mpaka. Tena, Mto Kaveri ulikuwa ukipita katikati ya nchi hiyo hiyo, ukifurika kila zilipokuja mvua za masika na kuyapeleka maji yake baharini bila ya kumnufaisha mkulima aliyekaa mbali kidogo na ukingo wake. Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kijana huyu aliifanya kazi ya maisha yake kuyazuia kabla hayajamwagika.

Alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1881, kisha Serikali ya Mysore ikampa msaada wa masomo aende chuo cha uhandisi cha Poona, katika jimbo la Bombay, ambako mwaka 1883 alifaulu akiwa wa kwanza. Mwaka 1884 aliajiriwa katika idara ya ujenzi ya Bombay akiwa mhandisi msaidizi. Zilikuwa siku za utawala wa Kiingereza, na Mhindi aliyeingia katika idara ile alijua kwamba vyeo vya juu kabisa vimewekewa watu wengine. Hata hivyo alifanya kazi humo kwa takriban robo karne.

Kazi iliyomtangaza ilikuwa Sukkur, katika jimbo la Sind, ambalo leo ni sehemu ya Pakistani. Mji ule uko kando ya Mto Indus, mto mkubwa mno, lakini maji yake ni tope tupu. Alipelekwa huko mwaka 1894 kuwapatia wenyeji maji safi. Mpango wa kawaida ulikuwa kujenga mabirika makubwa ya kuchujia kwa mchanga, lakini mji ulikuwa maskini na fedha za mabirika hayo hazikuwapo. Basi mhandisi wetu aliutazama mto, akaona kwamba kichujio chenyewe kimekwisha jengwa na Mwenyezi Mungu, nacho ni mchanga ulio chini ya mto. Akachimba kisima ndani ya kingo za mto, maji yakajipenyeza mchangani yakaingia humo yakiwa yamesafika, kisha mitambo ikayapandisha hadi kwenye birika lililokuwa kilimani, na kutoka hapo yakashuka yenyewe mjini. Mwaka 1895 wenyeji wa Sukkur walikunywa maji safi kwa gharama ambayo mji wao uliimudu. Tunaomba msomaji aikumbuke hila hii ya mchanga, maana tutakutana nayo tena mahali pengine.

Kutoka hapo alirudishwa Poona, na huko ndiko alikobuni chombo kilichobeba jina lake. Karibu na mji huo palikuwa na bwawa la Khadakwasla, ambalo Waingereza waliliita Ziwa Fife. Kila mwaka wakati wa mvua maji yalipita juu ya sehemu ya kumwagia, yakapotea, na kila mwaka wakati wa kiangazi watu wa Poona na kambi ya jeshi ya Kirkee waliona upungufu. Dawa ambayo kila mtu aliifikiria ilikuwa kuuinua ukuta, lakini ukuta wa zamani ukiongezewa kimo huongezewa pia mzigo wa maji unaousukuma, na huenda ukavunjika. Bwana Visvesvaraya aliuacha ukuta ulivyo, akaweka milango ya chuma juu ya sehemu ya kumwagia. Milango hiyo iliunganishwa na vyuma vya kusawazisha uzito pamoja na boya lililokaa ndani ya kisima. Maji ya ziwa yakiwa chini ya kimo kilichowekwa, milango husimama imefungwa. Yakifikia kimo hicho, humiminikia kisimani, boya likainuka, mizani ikageuka, na milango ikafunguka bila ya mkono wa mtu. Mafuriko yakipungua, hufunga tena.

Askari wetu waliowahi kulinda lile bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, watafahamu upesi thamani ya jambo hili. Gharika haipigi hodi. Inaweza kuja usiku wa manane wakati bawabu amesinzia, au wakati simu imekatika na mwenye ufunguo yuko mjini. Milango ya Khadakwasla haikuhitaji bawabu wala ufunguo. Ilipofungwa mwaka 1903, ziwa liliweza kuhifadhi maji kwa kimo cha futi 8 zaidi ya zamani, na ukuta haukubebeshwa mzigo wa hatari. Alipewa hati ya ubunifu kwa kazi hiyo, na baadaye milango ya namna hiyo iliwekwa katika bwawa la Tigra huko Gwalior na hatimaye kwao Mysore.

Mwaka 1906 Serikali ya India ilimpeleka Aden. Wazee wa pwani yetu wanaijua Aden kwa sababu majahazi na meli za huku zilipita hapo kwa karne nyingi. Wakati ule ilikuwa bandari ya Waingereza, ngome yenye kikosi kikubwa cha askari, na kituo cha makaa ya mawe kwa meli zilizopita Suez. Ngome ile ilikuwa na mizinga ya kutosha na haikuwa na maji. Mvua hapo ni haba sana, na watu waliishi kwa maji ya bahari yaliyotonewa kwa moto, kwa visima vya chumvichumvi, na kwa maji yaliyoletwa kutoka nje. Mhandisi alitoka katika ngome akaenda bara kuichunguza nchi. Akaona kwamba ng'ambo ya jangwa, yapata maili 60 kaskazini, iko milima inayopata mvua, na maji ya mvua hiyo hushuka kuelekea Lahej chini ya mchanga wa mto ambao juu yake huonekana mkavu. Ushauri wake ulikuwa ni ule ule wa Sukkur: kuchimba visima katika mchanga wa mto, kuyapata maji yakiwa yamekwisha chujwa, na kuyasukuma kwa mitambo mpaka bandarini.

Alistaafu kazi ya Bombay akiwa na umri wa miaka 47. Inaeleweka kwamba hakuona njia ya kupanda zaidi, na sisi hatumlaumu. Ofisa anayejua kwamba nyota inayofuata haitakaa begani mwake hata afanyeje, hupima mwenyewe kama abaki au aondoke. Alikwenda Ulaya kutazama mitambo na viwanda. Huko ndiko ulikomfikia wito wa Hyderabad.

Tarehe 28 Septemba 1908 Mto Musi, unaoupita mji wa Hyderabad, ulivunja kingo zake. Mvua kubwa ilikuwa imeyapasua malambo mengi madogo yaliyokuwa upande wa juu, na maji ya malambo hayo yote yakaja kwa pamoja. Waliokufa hukadiriwa kuwa kiasi cha watu 15,000. Katika bustani ya hospitali moja kando ya mto ulikuwapo mkwaju mkubwa, na husimuliwa kwamba watu wapatao 150 waliparamia matawi yake wakaokoka. Mti huo wenyeji wanauheshimu hadi leo. Nizam, mtawala wa nchi ile, alimwita Bwana Visvesvaraya autengeneze upya mji wake.

Wengi walitazamia kwamba angejenga kuta ndefu mjini pande mbili za mto. Yeye alipanda juu ya mto kwanza, akapima mvua, akahesabu malambo, kisha akashauri kwamba mafuriko yazuiwe maili kadhaa kabla ya kuufikia mji, kwa mabwawa mawili makubwa. Sisi wanajeshi tunaielewa hesabu hiyo bila ya kufundishwa na mhandisi. Adui hupokewa mbali na kambi, si mlangoni pa hema la kamanda. Mabwawa hayo, Osman Sagar lililokamilika mwaka 1920 na Himayat Sagar la mwaka 1927, yaliulinda mji na wakati huo huo yakaunywesha. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia ya kazi zake zote. Ukuta alioujenga kuzuia msiba aliutaka uzae pia faida.

Mwezi Novemba 1909 alirudi kwao akiwa Mhandisi Mkuu wa Serikali ya Mysore. Hapa inatupasa tueleze kidogo hali ya nchi ile. Mysore ilikuwa na mfalme wake, Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne, aliyetawala chini ya mkono wa Waingereza. Kwenye maporomoko ya Shivanasamudra, katika Mto Kaveri, tangu mwaka 1902 palikuwa na mtambo wa umeme, na waya zilizosafiri karibu kilometa 147 zikapeleka nguvu hiyo kwenye migodi ya dhahabu ya Kolar. Mwaka 1905 taa za umeme ziliwaka Bangalore. Migodi ililipa vizuri na ilitaka umeme zaidi, lakini kila kiangazi mto ulipungua na mitambo ikapungukiwa nguvu. Upande wa pili walikuwapo wakulima, ambao mto ule ule uliwapita bila ya kuwafaa.

Mhandisi Mkuu alipendekeza bwawa moja kubwa kwenye kijiji cha Kannambadi, karibu na mji wa Mysore, litakalowanufaisha wote wawili. Migodi ingenunua umeme, na fedha ya umeme ingesaidia kulipa gharama za mfereji wa mkulima. Wakuu wa hazina waliposikia gharama yake walisita, wakaona kwamba nchi ndogo inajitwisha mzigo usiolingana na bega lake. Maharaja ndiye aliyekata shauri, na mwaka 1911 kazi ikaanza.

Katika kuchimba, lilionekana jiwe lenye maandishi ya Kiajemi ya Tipu Sultan, yule mtawala shujaa aliyepigana na Waingereza hadi akauawa katika ngome yake ya Srirangapatna mwezi Mei 1799. Jiwe hilo lilitaja nia yake ya kujenga bwawa papo hapo. Srirangapatna yenyewe si mbali na mahali hapo, ukifuata mto kuteremka. Jiwe limehifadhiwa penye bwawa, na sisi tumependezwa kulitaja, kwa kuwa watu wengi humkumbuka Tipu kwa upanga na maroketi yake tu.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo waandishi wengine hulipita haraka. Mto Kaveri ukitoka Mysore huingia katika nchi ya Watamil, ambayo siku zile ilikuwa jimbo la Madras lililotawaliwa na Waingereza moja kwa moja, na wakulima wa huko, katika uwanda wa Thanjavur, wamelima mpunga kwa maji ya mto huo tangu kale. Kwa mapatano ya mwaka 1892, Mysore haikuwa na ruhusa ya kujenga bwawa jipya bila ya idhini ya Madras. Madras ilikataa. Baada ya mabishano Serikali ya India iliruhusu bwawa la kimo kidogo, futi 80. Mysore ikakubali, lakini ilipoweka msingi, iliuweka kwa upana wa ukuta wa kimo kamili ilichokitaka tangu mwanzo, zaidi ya futi 120.

Madras ilipogundua ilikasirika, na kesi ikapelekwa kwa msuluhishi, kisha ikakatiwa rufani mpaka London. Hatutaki kuwaficha wasomaji maoni yetu. Kwa hesabu ya uhandisi msingi ule ulikuwa wa busara, kwa kuwa msingi mwembamba haupanuliwi baadaye pasipo kuvunja kila kitu. Kwa hesabu ya ujirani ulikuwa ni hila, na jirani aliyefanyiwa hila hasahau. Wote wawili walikuwa na haki, mmoja ya kutaka kuendelea, na mwingine ya kutaka mpunga wake usikauke.

Ujenzi uliendelea kwa kasi, na vibarua wapatao 10,000 walifanya kazi hapo, usiku wakimulikiwa kwa taa. Saruji wakati huo ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo na bei yake ilikuwa kubwa. Ukuta basi ulijengwa kwa mawe na chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma. Msomaji wa pwani hatashangaa, kwani ameziona kuta za chokaa za mababu zake zikidumu karne nyingi. Ifikapo mwaka 1915 hatua ya kwanza ilikuwa imefikia mahali pa kuiongezea migodi umeme, kama ilivyoahidiwa. Hekalu la kale la Kannambadi lilizama pamoja na mashamba na makaburi, na wanavijiji waliokuwa hapo walihamishwa.

Wakati huo Bwana Visvesvaraya alikuwa amekwisha panda cheo. Mwezi Novemba 1912 Maharaja alimfanya Diwan, yaani Waziri Mkuu, naye akaishika kazi hiyo kwa miaka sita. Uhandisi hakuuacha, ila aliupanua ukawa uhandisi wa nchi nzima. Mwaka 1913 ilianzishwa Benki ya Mysore, kwa kuwa mkulima aliyepata maji na asipate mkopo wa mbegu huzidi kumwangalia mto tu. Mwaka 1916 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Mysore, na mwaka 1917 chuo cha uhandisi Bangalore. Vikafuata kiwanda cha mafuta ya msandali na cha sabuni, shule za kilimo na za ufundi, na chama cha wafanyabiashara. Alikuwa ametembelea Japani mwaka 1898, na kutokana na yale aliyoyaona huko alishikilia kwamba nchi ya Asia inaweza kujitengenezea vitu vyake. Alipenda tarakimu kupita kiasi. Kila wilaya ilitakiwa kuhesabu mazao yake, visima vyake, shule zake na watoto wasiosoma. Bila shaka makarani wengi walimchukia.

Aliondoka katika uwaziri mwaka 1918, na sababu yake haimpi sifa kwa kila msomaji. Yeye alikuwa Brahmin, na nafasi nyingi za serikali zilikuwa mikononi mwa Wabrahmin, ingawa walikuwa wachache katika nchi. Watu wa matabaka mengine walidai wagawiwe nafasi kwa hesabu ya haki, na Maharaja akaunda kamati iliyokubaliana nao. Diwan alipinga, akisema kwamba kazi hupewa mwenye uwezo bila ya kutazama ukoo. Jeshini nasi tunataka cheo kiende kwa anayestahili, na shauri lake kwa upande huo lina nguvu. Lakini uwezo hutoka shuleni, na mlango wa shule haukuwa umefunguliwa kwa wote kwa kiasi kimoja. Aliyefunguliwa mlango mapema si haki amcheke aliyebaki nje kwamba amechelewa. Hapo tunaona mtu mwenye macho makali ya kuona maji chini ya mchanga hakuyaona yaliyokuwa mbele yake.

Hata hivyo hakuondoka kwa kususa. Kile kiwanda cha chuma cha Bhadravati kilichopangwa katika uwaziri wake kilianza kutoa chuma mwaka 1923, wakati ambapo bei ya chuma ilikuwa imeanguka duniani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hasara ikawa kubwa, na watu wakasema kifungwe. Maharaja alimwita mzee, naye akiwa na umri wa miaka 62 alikubali kuwa mwenyekiti wa halmashauri yake, akaishika mpaka mwaka 1929, akakata gharama, akawasomesha mafundi wenyeji, na kiwanda kikasimama kwa miguu yake. Juu ya mtu huyu zimetungwa hadithi nyingi za ajabu, za mishumaa na za magari ya moshi, nasi tumeziacha makusudi, kwa kuwa mambo yaliyothibitika yanatosha.

Mysore na Madras ziliafikiana tarehe 18 Februari 1924. Mysore iliruhusiwa kuujenga ukuta wake kwa kimo kamili, na Madras ikaruhusiwa kujenga bwawa lake la Mettur upande wa chini, ambalo lilikamilika mwaka 1934. Bwawa la Kannambadi, lililopewa jina la Krishnaraja Sagara kwa heshima ya Maharaja, lilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ukuta wake una urefu wa kilometa 2.6 na kimo cha mita 40 hivi, na ziwa lake huhifadhi karibu mita za ujazo milioni 1,400. Ile milango inayojifungua yenyewe iliwekwa humo pia.

Mfereji mkubwa ulipofunguliwa, wilaya ya Mandya, iliyokuwa nchi kame ya mtama na mifugo, iligeuka rangi. Miwa ilipandwa, kiwanda cha sukari kikajengwa Mandya mnamo mwaka 1933, na mji uliokuwa kituo kidogo cha reli ukawa mji wa sokoni wenye shule na maduka. Leo mfereji huo huitwa kwa jina la Visvesvaraya. Nao umeme wa Kaveri uliisaidia Bangalore kuvuta viwanda. Mwezi Desemba 1940, vita vikiwa vimepamba moto, ilianzishwa hapo kampuni ya Hindustan Aircraft, ambayo jeshi la anga la India limeitegemea tangu hapo kwa ndege na matengenezo.

Mapatano ya mwaka 1924 yaliwekewa muda wa miaka 50 kwa baadhi ya vifungu vyake, na muda huo ulipokwisha ugomvi ulirudi, sasa kati ya majimbo mawili ya India huru, Karnataka na Tamil Nadu. Mwaka 1991, baada ya baraza la usuluhishi kuamuru Karnataka iachie maji, ghasia zilizuka Bangalore na watu wakapoteza maisha yao. Ghasia zilirudi mwezi Septemba 2016, magari yakachomwa moto, amri ya kutotoka nje ikatangazwa katika sehemu za mji, na polisi wakapangwa kwenye mabwawa na barabara. Mahakama Kuu ya India ilitoa hukumu yake mwezi Februari 2018, ikapunguza kidogo fungu la Tamil Nadu na kuipa Bangalore nyongeza ya maji ya kunywa. Polisi aliyesimama na ngao yake katika barabara ya Mandya mwaka 2016 pengine hakujua kwamba alikuwa akilinda shauri lililoanza kwa upana wa msingi mmoja mwaka 1911.

Mzee mwenyewe hakuyaona hayo. Aliishi Bangalore, amevaa suti yake na kilemba chake, akiandika vitabu juu ya uchumi wa mpango, kimoja mwaka 1920 na kingine mwaka 1934, na kumbukumbu za kazi zake mwaka 1951. Mwaka 1955 India huru ilimtunukia Bharat Ratna, nishani yake kubwa kupita zote za raia.

Lakini kazi yake ya kwanza mashuhuri aliiona ikienda. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai 1961, bwawa jipya la Panshet, ambalo liko juu ya Khadakwasla, lilionyesha dalili za kuvunjika. Ukuta wake wa udongo ulikuwa ukititia. Askari wa jeshi la India waliitwa, nao wakafanya kazi usiku kucha katika mvua, wakipanga mifuko ya mchanga juu ya ukuta uliokuwa ukizama chini ya miguu yao. Hawakuweza kuuokoa. Waliweza tu kuuchelewesha mpaka kukapambazuka, na saa hizo chache ndizo zilizowapa watu wengi wa Poona nafasi ya kukimbia mchana, badala ya kufikiwa na maji vitandani. Asubuhi Panshet ilipasuka. Maji yake yote yaliiangukia Khadakwasla kwa mara moja, na milango iliyojua kufunguka yenyewe haikuwa imeundwa kwa ajili ya ziwa zima. Ukuta ukavunjika, na maji yakaingia mjini. Baadaye bwawa lilijengwa upya, na mji ungali unakunywa humo.

Bwana Visvesvaraya alikuwa na umri wa miaka 99 siku ile. Alifariki mjini Bangalore mwezi Aprili 1962, akiwa ametimiza miaka mia moja, akarudishwa Muddenahalli, kijiji alichozaliwa, ambako ndiko iliko kumbukumbu yake. Kila mwaka, tarehe 15 Septemba, wahandisi wa India huiadhimisha siku yao.